Unataka kutafiti saratani ukiwa Bukavu? Anza na kipande cha nyama

Kijana aliyekuja kwangu mwezi wa nane alikuwa na bahasha ya kaki yenye diploma yake ya biolojia, viatu vimeng'arishwa, na swali ninalolisikia kila mwaka msimu wa kutetea memwari (tasnifu) ukiisha. "Mama Dokta, nataka kutafiti kansa. Nianzie wapi, na maprofesa wa Ulaya niwaandikie nini?" Nikamuuliza kama amewahi kuiona seli ya kansa. Akasema ndiyo, kwenye picha za mwalimu. Kwenye hadubini je? Akanyamaza. Nikamvalisha koti la labo, nikamkalisha kwenye kigoda changu, na barua za Ulaya zikangoja wiki nyingi.

Niliyomwambia katika wiki hizo ndiyo haya. Nayaandika kwa sababu nimechoka kuyarudia kwa kila anayebisha hodi. Mimi ni mtoto wa Kadutu, hapa Bukavu, mama yangu aliuza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na kabla ya kuitwa Dokta nilikata nyama za wagonjwa kwa miaka 6 kama fundi wa labo. Baadaye nilikwenda Ubelgiji kusomea namna seli za titi zinavyoshikana na zinavyoachana, kisha nikarudi nyumbani. Sina ushauri kwa anayetaka kuwa daktari wa kutibu. Nasema na yule anayetaka kukaa na swali moja miaka mingi.

Kwanza, pika maharagwe

Sitanii. Jumamosi loweka maharagwe, uyagawe sufuria mbili. Moja maji matupu, ya pili tia kijiko kidogo cha bikarboneti. Ya pili yatalainika mapema, na ukiyasahau yatakuwa uji. Mama zetu wanafanya hivyo ili kuokoa makaa. Wewe chukua punje moja iliyoiva, iponde kwenye tone la maji juu ya lamu ya kioo, tia tone la iodini kutoka famasi, uweke chini ya hadubini. Utaona seli moja moja, kila moja kama kifuko kizima kilichojaa wanga wa buluu. Fanya hivyo hivyo kwa punje mbichi iliyolowekwa: utaona vipande vilivyochanika na wanga umemwagika. Mbichi ilipasuka katikati ya seli, iliyoiva iliachana kwenye maungio.

Kilichowekwa kwenye maungio hayo ni pektini, na pektini hufungwa na kalisi (kalsiamu) kama kifungo na tundu lake. Moto na bikarboneti vinaivuruga gundi hiyo, seli zinaachana zikiwa nzima.

Sisi hatuna pektini, lakini kalisi tunayo, nayo inafanya kazi inayofanana na hiyo kwa vifaa vingine. Seli zinazofunika matiti, tumbo na ngozi zetu zina protini zinazotoka nje kama mikono, zinaitwa kadherini. Mkono wa seli hii hukamatana na mkono wa jirani, na kalisi ndiyo inayoukakamaza mkono usilegee. Ondoa kalisi, mikono inalegea, seli zinatengana. Chini kuna protini nyingine, integrini, hizo ni miguu: zinakanyaga sakafu iliyosukwa kwa kolajeni, fibronektini na nyuzi nyingine ambazo seli zenyewe zimezitoa. Miguu hiyo haikanyagi tu, inapeleka habari ndani. Seli ya kawaida ikikosa sakafu hujiua. Mwaka 1994 watafiti waliipa hali hiyo jina la Kigiriki, anoikisi, yaani kukosa makao. Seli ya kansa imejifunza kuishi bila makao, na kwa sababu hiyo inaweza kuelea kwenye damu hadi kwenye ini au mfupa.

Basi, hiyo ndiyo taaluma yote: nani anamshika nani, kwa nini anamwachia, na baada ya kumwachia anaishije. Wagonjwa wengi wa kansa hawauawi na uvimbe wa kwanza, wanauawa na ile iliyosambaa.

Kabla ya vitabu vizito, soma maisha ya watu wawili

Wa kwanza nampenda kwa sababu alizaliwa Nairobi, mwaka 1944: Richard Hynes. Alikulia Liverpool, akasomea Cambridge, akapata udaktari wake chuo cha MIT kule Marekani. Mwaka 1973, akiwa London, alikuwa na swali dogo mno: seli ikigeuka kuwa ya kansa, ni protini gani ya juu ya ngozi yake inayobadilika? Alizipaka protini za nje iodini yenye mionzi, akazilinganisha. Protini moja kubwa ilikuwepo kwenye seli za kawaida na haikuonekana kwenye zilizogeuka. Hiyo ndiyo tuliyokuja kuiita fibronektini.

Hapa ndipo ninapowasimamisha vijana. Walipozirudishia seli za kansa fibronektini, zilijilaza chini tena, zikanyooka, zikashika sakafu vizuri. Kila mtu angedhani dawa imepatikana. Lakini ziliendelea kuzaana vilevile. Mtu mwingine angekata tamaa na kutafuta mada nyingine. Hynes akauliza swali linalofuata: fibronektini inashikwa na nini? Mwaka 1986 kikundi chake kikatoa jina integrini. Kisha wakatengeneza panya wasio na jeni ya fibronektini, wakaona vijusi vinakufa tumboni, na miaka iliyofuata akageukia sakafu yote inayouzunguka uvimbe. Mwaka 2022 alipata Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba kule Marekani, pamoja na Erkki Ruoslahti na Timothy Springer. Hesabu mwenyewe kutoka 1973: karibu miaka 50 nyuma ya swali lilelile, likibadilisha nguo tu.

Wa pili ni Masatoshi Takeichi wa Kyoto. Alihamia kwa muda kwenye labo moja ya Baltimore, na jaribio alilolizoea likagoma: seli hazikushikana. Kumbe tripsini waliyotumia pale kuzitenganisha seli ilikuwa imechanganywa na EDTA, kitu kinachokamata kalisi, na ile ya Kyoto haikuwa nayo. Angeweza kuwalaumu wenyeji na kutengeneza ya kwake kimya kimya. Badala yake akauliza tofauti ile inamaanisha nini. Mwaka 1977 alionyesha kwamba seli zina njia mbili za kushikana, moja inategemea kalisi na nyingine haitegemei, na mwaka 1984 ile ya kalisi ikapata jina la kadherini.

Kwa hiyo nunua daftari gumu, lile la kurasa zilizoshonwa, siyo la kuchomoa. Andika kila chupa imetoka wapi, imefunguliwa lini, imechanganywa na nini. Kijana wangu alileta daftari lenye picha ya mchezaji wa mpira, nikalipokea.

Nakuongezea na habari ya kukutuliza kichwa. Dawa zinazogusa integrini zipo na zinafanya kazi, kwa mfano vedolizumabu kwa magonjwa ya utumbo, na lifitegrasti ya matone kwa macho makavu. Kwenye kansa, silengitaidi ilijaribiwa kwa wagonjwa wengi wenye uvimbe mbaya wa ubongo, na mwaka 2014 majibu yakatoka: ukiongeza kwenye matibabu ya kawaida, hairefushi maisha. Ukisikia mtu anasema atapata dawa ya kansa ndani ya masta ya miaka miwili, mpe kiti, mpe maji.

Chagua parafini, acha seli hai

Kila kijana anaota chumba chenye seli zinazokua kwenye visahani vya plastiki. Naielewa ndoto hiyo. Ila seli hai zinataka nyuzijoto 37 usiku na mchana, gesi ya kaboni 5 kwa 100, na akiba yake hukaa kwenye naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika Ijumaa jioni, Jumatatu unafanya mazishi. Nimewaona watu wakitumia bajeti yote ya mradi kwenye jenereta, halafu mafuta yakapanda bei.

Bloki ya parafini, ile nta ngumu, haiulizi umeme wala friji. Kipande cha nyama kilichohifadhiwa vizuri ndani yake kinakaa kabatini miaka 20 na bado kinaweza kukuambia kama kadherini ilikuwepo. Mji huu unapitia mambo. Barabara zinafungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu unafungwa, benki zinafungwa. Bloki zinangoja tu. Huo ndio utajiri wetu na watu wengi wanapita mbele yake bila kuuona.

Ila neno ni "kilichohifadhiwa vizuri", na hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo utafiti mwingi wa kwetu unapokufa kabla haujaanza.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado fundi, tuliletewa titi zima la mgonjwa kutoka hospitali moja ya mbali. Lilikuwa kwenye kopo la mayonezi, limesukumwa ndani kwa nguvu, formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama, imefika nusu. Lilitoka kwenye upasuaji Ijumaa, likatufikia Jumatatu. Kwa nje lilikuwa gumu na la kijivu, zuri. Nilipopitisha kisu katikati, katikati kulikuwa na rangi ya waridi na harufu. Formalini huingia polepole, kadiria milimita moja kwa saa na hata chini ya hapo ikienda ndani zaidi, kwa hiyo nje paliiva na ndani palioza. Tulikata, tukapaka rangi, tukatafuta kadherini: hakuna. Daktari kijana akaandika kwamba uvimbe umepoteza kadherini. Haukupoteza kitu, sisi ndio tuliopoteza. Seli za kawaida zilizokuwa pembeni yake nazo hazikuwa na rangi, na hakuna aliyeziangalia. Hata mimi sikuziangalia, na lamu ilipita mkononi mwangu.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno moja la mradi, nenda kwenye chumba cha upasuaji unakotaka kupata nyama, ujitambulishe kwa wauguzi, na mkubaliane haya. Nyama iingie kwenye formalini ndani ya saa moja baada ya kutolewa. Ikiwa kubwa ikatwe vipande kama mkate, unene wa milimita 5 hadi 10, ili dawa ifike katikati. Formalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa nyama. Kopo liwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama iliyoingia laini itatoka ngumu. Saa ya kuingia iandikwe kwenye kopo, siyo kwenye mfuniko, kwa kuwa mifuniko hubadilishana. Kwa titi, ikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72.

Formalini yenyewe usinunue iliyochanganywa na mtu usiyemjua. Lita moja inataka mililita 100 za formalini ya dukani yenye nguvu ya 37 hadi 40 kwa 100, mililita 900 za maji yaliyokenekwa (distilé), gramu 4 za fosfati ya sodiamu yenye sodiamu moja na gramu 6.5 za ile yenye sodiamu mbili, isiyo na maji. Hizo fosfati ndizo zinazozuia uchachu usiharibu nyama. Fungua madirisha, vaa glavu na miwani. Formalini ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Itakuwa ajabu kuitafiti huku ukijipaka.

Wauguzi wape soda ukiweza, na zaidi ya soda warudishie majibu. Mimi hubandika ukutani karatasi ya kila mwezi: makopo mangapi yamekuja na saa imeandikwa, mangapi hayana. Walianza kushindana wenyewe.

Tazama mpaka macho yachoke

Sasa kaa kwenye hadubini. Wiki ya kwanza sikumpa kijana kitu kingine ila titi la kawaida lililopakwa hematoksilini na eosini, viini vya zambarau na nyama ya waridi. Alichora kwa penseli. Alilalamika kwamba ana simu ya kupiga picha. Nilimwambia simu inaona kila kitu na haichagui, mkono unachagua.

Wiki ya pili nikamletea kansa ya vifereji vya maziwa, ile ya kawaida zaidi: mafungu mazito ya seli, zimeng'ang'aniana hata kama zimeharibika. Kisha bila kumwambia nikaweka lamu nyingine. Akazungusha, akasogeza, akarudi. "Mama, hapa uvimbe uko wapi?" Nikamwambia aende lenzi ya 40. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Zinapita moja moja."

Ndiyo. Hiyo ni kansa ya lobuli, vile vifuko vidogo vya maziwa, kama 10 hadi 15 kati ya kila kansa 100 za titi. Seli zake ndogo, za duara, hazina fungu. Zinajipanga msururu mwembamba katikati ya nyuzi za kolajeni, kama wamama wanaoshuka na mizigo mgongoni kwenye kijia cha Kabare ambacho hakitoshi watu wawili. Mara nyingi hata mkono wa daktari haukuti donge kwenye titi, kwa sababu hakuna donge. Sababu yake kubwa ni jeni moja, CDH1, iliyoko kwenye kromosomu ya 16, inayotengeneza aina moja ya kadherini, kadherini E. Ikiharibika mikono inaisha. Jeni hiyohiyo ikirithiwa ikiwa mbovu huleta kansa ya tumbo ndani ya ukoo. Ilijulikana mwaka 1998 kwa familia ya Wamaori wa New Zealand.

Kuona mikono yenyewe, tunatumia kingamwili inayoikamata kadherini E na rangi ya kahawia. Formalini inazifunga protini kama kamba zilizochanganyikana, kwa hiyo lazima kwanza uzifungue kwa moto: lamu zinaingia kwenye maji ya sitreti na kuchemshwa ndani ya sufuria ya presha. Yetu ni ileile ya kupikia maharagwe, tuliinunua Kadutu, na tumeandika juu yake kwa rangi nyekundu LABO ili asitokee mtu mwenye njaa. Dakika 2 au 3 baada ya presha kujaa zinatosha. Zaidi ya hapo nyama inabanduka kwenye kioo.

Ukimaliza, usikimbilie kansa. Tafuta kwanza mfereji wa kawaida kwenye lamu hiyohiyo. Kila seli yake lazima iwe na mstari wa kahawia kuizunguka, safi kama wavu wa kuvulia sambaza. Ukikuta mstari huo kwenye mfereji na haupo kwenye msururu, una jambo la kuandika. Ukikosa kote kuwili, una kopo la mayonezi. Na usiwe mtumwa wa rangi: kansa chache za lobuli bado zina kahawia ingawa mikono haifanyi kazi. Andika unachoona.

Kama huna labo kabisa

Utahitaji kompyuta na mega za kutosha. Ipo atlasi ya protini za binadamu ya Wasweden, bure, ambayo inaonyesha picha za nyama zilizopakwa kingamwili. Tafuta CDH1, linganisha titi, tumbo na ini. Ipo cBioPortal, bure vilevile, yenye data za jeni za maelfu ya uvimbe. Ingiza CDH1 kwenye kansa za titi, uone mabadiliko yanavyojazana upande wa lobuli. ImageJ ni programu ya bure ya kupima picha, inaendeshwa hata na kompyuta chakavu. Makala za kulipia ziulizie maktaba ya chuo chako: kuna mpango wa Research4Life ambao taasisi za Congo zinaingia bila malipo zikijiandikisha. Nimekuta vyuo vilivyojiandikisha na wanafunzi wake hawajui nywila iko kwa nani. Iko kwa mtu wa maktaba. Msalimie vizuri.

Soma makala moja kwa wiki, anza na picha kabla ya maneno. Na Kiingereza huna budi kukisoma, hata kama Kifaransa ndicho kilichokulea shuleni.

Swali liwe la hapa

Watu hufikiri sayansi ya maana huanzia kwingine. Hapo Lwiro, njia ya Kavumu, kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1947, na miaka ya 1960 watafiti walivuka kwenda Idjwi kuuliza kwa nini watu wengi wa kaskazini ya kisiwa wana uvimbe wa tezi shingoni na wa kusini-magharibi ni wachache tu, ingawa iodini ni haba kwa wote. Jibu lao lilihusu muhogo, na dunia nzima ikalisoma. Swali lilitoka kwenye sahani ya bugali.

Kijana wangu alikuja na "nafasi ya integrini katika kansa". Hilo ni jina la maktaba, siyo swali. Tulilipunguza mpaka likabaki hivi: katika bloki za titi zilizoko kabatini mwetu, ngapi zilizoandikwa "kansa ya vifereji" ni za lobuli zilizopita bila kutambuliwa, kwa kuwa kadherini haikupimwa? Hilo linafanyika kwa miezi, kwa pesa kidogo, na jibu lake lina faida kwa mgonjwa.

Ruhusa

Kamati ya maadili kwanza, nyama baadaye, hata kama bloki ni za zamani. Seli za HeLa, seli za kansa zinazokuzwa labo na zilizojenga nusu ya vitabu utakavyosoma, zilichukuliwa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks kule Baltimore bila yeye kuulizwa, naye alikufa mwaka huohuo.

Karatasi ya ridhaa isomwe kwa lugha ya mgonjwa. Mimi husoma kwa Kiswahili, na kwa Kishi kwa wamama wa Kabare na Walungu. Siku moja mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na hicho kipande, mtanirudishia lini?" Nilikuwa nimesoma kurasa mbili na sikuwa nimesema kwamba hakirudi. Nikaongeza mstari. Upo hadi leo, ni wa kwanza kabisa.

Sasa ile barua

Usiandike "Mheshimiwa Profesa, ndoto yangu tangu utotoni". Anapata hizo kila siku. Usitume barua moja kwa watu 60, wanajuana. Chagua wanne ambao umesoma makala zao mbili mbili, na uandike mistari kumi. Ya kijana ilikuwa hivi, tuliiandika pamoja kwa Kifaransa kisha Kiingereza:

"Nina diploma ya biolojia, ninafanya kazi kwenye labo ya patholojia Bukavu. Kwa wiki 14 nimesoma lamu 38 za kansa ya titi zilizopakwa kadherini E. Nne kati yake ziliandikwa kansa ya vifereji, lakini hazina rangi kwenye uvimbe na zina rangi kwenye mifereji ya kawaida. Kwenye makala yako umeeleza namna ya kupima pia protini ya katenini p120 katika hali kama hii. Je, unafikiri inafaa kwa bloki zilizokaa miaka 8? Nimeambatanisha picha mbili. Natafuta nafasi ya masta mwaka ujao."

Huyo ameshaanza kazi, anaomba msaada wa kuiendeleza tu. Akijibiwa vizuri, swali la ufadhili lifuate, halafu viza, ambayo ni kazi ya miezi na inataka karatasi zote zitafsiriwe na kugongwa muhuri. Na yeyote anayekudai pesa ili akupe nafasi kwenye labo, mfute. Labo ya kweli haikuuzii kiti.

Wawili hawakujibu. Mmoja alisema hana nafasi. Wa nne alijibu kwa mstari mmoja: nyama ilikaa saa ngapi kwenye formalini? Kijana akafungua daftari la mchezaji wa mpira. Kwa bloki 31 alikuwa na saa. Kwa 7 akaandika "haijulikani", akazitoa kwenye hesabu, na lamu zake 4 zikabaki 3.

Ikifika siku ya kupeleka bloki nje, kwanza pata mkataba wa kuhamisha sampuli wenye saini za pande zote mbili, pamoja na barua ya kamati. Mgawane: nusu ya nyama ibaki Bukavu, daima. Kila bloki funga kwenye plastiki yake na namba, bila jina la mgonjwa. Parafini huyeyuka karibu nyuzi 56, na gari lililoegeshwa juani kwenye tambarare ya Ruzizi linapata moto wa kutisha, kwa hiyo ukiteremkia upande wa Uvira zibebe kwenye kisanduku cha baridi miguuni pako. Usiziweke mbele ya kioo cha dereva, hata akikuambia hapo ndipo penye nafasi.